Sebule Isiyo na Kona

Mimi ndiye mtu wa kwanza Tarime mjini kutengeneza kochi la duara kwa mikono yake. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ni kweli, na anayebisha aje anioneshe la kwake. Yapo makochi ya duara yaliyoletwa na malori kutoka Mwanza na ng'ambo ya mpaka wa Sirari, hayo nayajua, nimeyapindua na kuyatazama tumbo. Lakini kukata mbao, kuikunja, kuibandika na kuivalisha kitambaa hapa hapa, hilo nililianza mimi, mtu wa darasa la nne, ambaye mwalimu wake alimwambia mbele ya wenzake kwamba kichwa chake kinafaa kubebea kuni tu. Wale waliocheka siku ile, watatu wao leo wanakalia viti vyangu.

Ninachotaka kuandika hapa ni habari ya mguu wa baba yangu. Naanza na sifa za kiti kwa sababu usipojua nilivyokipenda, hutaelewa nilichomfanyia mzee.

Kiti chenyewe nilikiona kwanza katika hoteli ya watalii upande wa Serengeti. Waliniita nikabadilishe milango iliyoliwa na mchwa. Nikaingia ukumbini na mkanda wa vifaa kiunoni, nikasimama. Kulikuwa na kiti kirefu kilichojipinda kama mto unavyopinda, watu wamekaa wanatazamana bila mtu kugeuza shingo. Juu, darini, mwanga ulikuwa unazunguka, lakini taa zenyewe huzioni. Zimefichwa ndani ya ukingo, mwanga unamwagika tu. Nikainua mikono yangu kutafuta kivuli, sikukiona. Msimamizi akaniuliza, "Fundi, umepotea?" Nikamwambia, "Hapana bosi, nimefika."

Milango niliimaliza kwa siku tatu. Siku ya nne nilirudi bila kuitwa, nikaomba nipime kile kiti kwa kamba. Nilifunga mafundo kwenye kamba yangu, fundo kwa kila hatua ya mpindo, na kamba hiyo ndiyo ilikuwa ramani yangu.

Kukunja mbao siyo mchezo. Plaiwudi unaichanja mistari kwa msumeno, karibu karibu, upande mmoja tu, bila kufika upande wa pili. Unaimwagia maji ya moto, unaizungusha kwenye nguzo ulizozipigilia sakafuni, unapaka gundi, unaweka ubao wa pili juu yake, halafu unafunga kwa mipira ya tyubu mpaka mikono itetemeke. Ubao wa kwanza ulivunjika. Wa pili ukavunjika. Wa saba ndio ulionitii. Niliulilia ule ubao, na mimi silii hovyo. Niliwahi kubeba mawe machimboni Kemambo nikiwa kijana, jiwe likanivunja kidole, nikamaliza siku.

Nilipojenga nyumba yangu niliamua sebule isiwe na kona hata moja. Pembe zote nikazijaza tofali, nikazipiga plasta mpaka zikawa laini kama ndani ya chungu. Ukuta kati ya sebule na jiko nikauvunja, nikaweka tao lisilo na mlango. Dari ya jipsamu ikawa na pete mbili, kubwa na ndogo, na ndani ya kila pete mkanda wa taa. Kochi nililiundia mle mle ndani, maana halingepita mlangoni. Kipande kimoja, nusu duara na zaidi, kitambaa cha rangi ya ugoro. Watu kumi na wawili wanakaa wakiwa wamenyoosha miguu.

Mke wangu alikuja kulitazama siku nilipomaliza. Alizunguka kwa nyuma, akazunguka kwa mbele.

"Ni zuri," akasema. "Na wageni wa kwenu watakaa wapi?"

"Huoni? Kumi na wawili wanaenea."

"Naona," akasema, akarudi jikoni. Nilidhani amekosa la kusema kwa furaha.

Watu walikuja. Walimu waliohamishiwa hapa kutoka mikoa ya mbali, maofisa wa halmashauri, wafanyabiashara wa Sirari wenye kuchanganya lugha tatu kwa pumzi moja. Wakakaa, wakapiga picha, wakaagiza. Kwa miaka miwili karakana yangu haikutengeneza kiti chenye mgongo ulionyooka. Nilikuwa nawasha taa zote mchana kweupe ili mtu apite dirishani aone.

Mtu mmoja tu alikuwa hajaiona sebule ile. Baba.

Mimi nilizaliwa Susuni, lakini nikiwa mdogo baba alihamisha ng'ombe wake na sisi sote Kenyamonta, kufuata malisho. Ndiye aliyenitoa shule. Alikuja darasani na fimbo ya kuchungia, akanipungia nje kwa mkono, na nikatoka. Sikumchukia kwa hilo. Lakini tangu siku hiyo kila nilichojenga nilikijenga nikimwona amesimama pembeni na ile fimbo, anatazama. Sijawahi kusikia mdomo wake ukisema kitu changu ni kizuri.

Sasa sukari ikamshika. Akajikata mguuni na bati la zizi, karibu na kidole kikubwa, na kidonda kikakataa kupona. Kule zahanati wakasema kinahitaji kuoshwa na kufungwa kila baada ya siku moja, na mtu anayejua kazi, la sivyo mguu utaoza na utakatwa. Kutoka Kenyamonta mpaka mjini ni mbali kwa mtu anayechechemea. Na jirani yangu wa nyumba ya tatu ni nesi, dada aliyehamishiwa hapa kutoka Iringa, mpole, mwenye mkono mwepesi. Nikazungumza naye, akakubali kupita kwangu kila anapotoka kazini. Kazi iliyobaki ilikuwa moja: mzee akae kwangu mpaka kidonda kifunge. Nesi alisema miezi miwili, labda mitatu.

Hapa lazima nieleze kitu kwa wasiotoka kwetu. Sisi Wakurya, baba mkwe na mke wa mwanawe wana kitu tunakiita ensoni. Siyo ugomvi wala chuki. Ni haya, ni heshima, ni vyote pamoja. Hawapeani mikono. Hawakai kiti kimoja. Hawatazamani usoni, na mzee hapiti mahali anapolala mkwewe. Najua wengi siku hizi wamelegeza, wapo wanaokumbatiana kanisani na kusema ni upendo. Baba hakulegeza. Na mke wangu, ambaye mama yake alimlea vizuri, hakulegeza.

Tulipokuwa tumepanga, kabla ya nyumba hii, mzee alikuwa akija bila shida. Kilikuwa chumba na sebule ndogo yenye giza. Nyuma ya mlango palikuwa na kona, na kwenye kona kiti cha mbao. Mzee anaingia, anakaa pale ametupa mgongo. Mke wangu anaweka chakula kwenye stuli, anakohoa, anatoka. Mzee anasikia kikohozi, anageuka, anakula. Sikuwahi kufikiri kwamba ile kona ilikuwa inafanya kazi. Niliona ni kona tu, mahali pa buibui.

Nilimleta kwa gari. Nilikuwa nimewasha pete zote mbili.

"Ingia, tata," nikamwambia baba. "Hapa ni kwako."

Akasimama kizingitini, fimbo mkononi, mguu umefungwa bandeji umekanyagia kisigino. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Kiti kiko wapi?"

"Hicho chote ni kiti."

"Chote?"

"Kimoja, tata. Hakina maungio. Nimekikunja mwenyewe."

"Na mama wa hapa anakaa wapi?"

"Popote anapopenda."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo. Siku hizi nyumba ziko hivi, mzee. Nyumba ya duara, watu wote wanaonana. Hakuna mwingine mwenye nyumba hivi mji mzima."

Baba akacheka kwa pua. "Mura," akasema, neno letu la kumwita kijana, "nyumba ya mama yako ilikuwa duara kuliko hii. Umezaliwa humo. Lakini ndani ilikuwa na ukuta."

"Ile ilikuwa ya udongo."

"Na ukuta wake ulikuwa wa udongo. Ulitosha."

Nikamshika mkono, nikampeleka katikati kabisa ya kochi, mahali pa heshima, mahali ambapo mpindo wote unamkabili mtu. Akakaa nusu tako. Mke wangu, ambaye hakujua nimemweka pale, akatokea kwenye tao na sinia la chai. Nyumba ile niliijenga ili mtu aliyekaa katikati aone kila anayeingia, na kila anayeingia amwone. Ikafanya kazi nilivyoipanga. Wakatazamana. Uso kwa uso, chini ya mwanga usio na kivuli, baba mkwe na mke wa mwanawe.

Mke wangu akageuka kwa haraka, chai ikamwagika sakafuni. "Shikamoo baba," akasema akiwa ametazama ukuta. Baba alivua kofia, akaishika mbele ya macho yake, akaitikia kutoka nyuma ya kofia. Halafu akainuka, akaburuta mguu mpaka barazani. Palikuwa na ndoo tupu ya rangi. Akaipindua, akaikalia.

"Hapa pananitosha," akasema.

Ningekuwa mtu wa akili siku ile ile ningechukua kiti cha kawaida karakanani nikamwekea. Ninavyo vya zamani, au ningekitengeneza kwa saa mbili. Sikufanya. Nilisema moyoni, nitamngoja. Atachoka na ndoo, ataingia, atakaa, atasema neno. Mtu mzima na mvi zake anamngoja babaye anayeumwa achoke.

Alilala chumba cha nje, na mchana alikuwa kwenye ndoo. Chakula nilimpelekea mimi. Alikuwa anaongea na mke wangu kupitia kwangu, na wakati mwingine nilicheka.

"Mwambie mama wa hapa mboga yake ni nzuri, lakini chumvi anaionea huruma."

Mke wangu akajibu kutoka jikoni, anamsikia vizuri, "Mwambie baba daktari ndiye aliyeificha chumvi."

"Mwambie daktari hakai hapa."

Mara mbili nesi aliosha kidonda pale barazani. Mara ya pili ulikuwa upepo, na vumbi la barabarani lilikuwa linapanda mpaka kwenye ngazi. Akafunga mkoba wake akanivuta pembeni.

"Baba mwenye nyumba, kuna nyama iliyokufa natakiwa kuitoa. Hapa nje sioni vizuri, na vumbi hili litatuharibia kazi. Kesho kutwa nahitaji ndani, penye mwanga."

Nilifurahi. Nasema ukweli wote, nilifurahi. Nikaona kidonda kimenisaidia.

Siku ilipofika, nesi mwenyewe alimwomba. "Babu, twende ndani, nitafanya haraka." Mzee alimheshimu yule dada kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu hakuwa mtu wa kwetu. Akaniambia, "Mama wa hapa akae jikoni asitoke." Nikasema sawa. Jiko lenyewe halina mlango, lakini nikasema sawa.

Ilikuwa jioni, jua halijazama, na mimi hata hivyo niliwasha kila taa niliyonayo. Nikamkalisha mzee kwenye kochi. Nesi akatandika mpira, akamkunjia suruali mpaka juu ya goti, akafungua bandeji. Kazi yangu ilikuwa kushika ule mguu usitikisike.

Harufu ikapanda. Ule mwanga ulionesha kila kitu, usaha, mfupa ulio karibu kutokeza, mishipa ya mguu wa baba niliyekuwa namfuata nyuma porini nikitazama miguu hiyo hiyo. Na mimi, niliyebeba mawe, niliyemaliza siku na kidole kilichovunjika, nikaona giza. Nikaachia. Nikakaa chini sakafuni kama mtoto.

"Kuna mtu mwingine?" nesi akauliza, mkasi uko hewani. "Siwezi kuacha hapa katikati."

Nilimwonea haya yule dada. Alikuwa ametoka kusifia taa zangu dakika mbili zilizopita. Sikutaka aondoke na picha ya mimi nimekaa chini. Ndipo nikasema kile nilichosema, kwa sauti kubwa, ya mtu mwenye nyumba.

"Mama watoto! Njoo umshike mzee mguu."

Nikasikia sufuria ikiwekwa chini kule jikoni. Halafu, "Mimi?"

"Wewe, kuna mwingine? Usijali sista, sisi hapa ni watu wa kisasa."

Alikuja. Alikuja na kanga ameishusha mpaka kwenye macho, akapiga magoti, akaushika ule mguu mtupu wa baba mkwe wake kwa mikono miwili. Sitasahau uso wa baba. Alitafuta pa kuweka macho. Kulia kochi, kushoto kochi, mbele mkwewe. Kama pangekuwa na kona angeitazama kona. Hapakuwa na kona. Akainua kichwa akatazama darini, na darini kulikuwa na zile pete zangu mbili, akazitazama mpaka machozi yakatoka, mwanga ulikuwa unamchoma, na hakufumba.

"Sijawahi kuosha kidonda kwenye mwanga mzuri hivi," nesi akasema alipomaliza. Hakuwa na kosa. Nani angemweleza?

Asubuhi chumba cha nje kilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa. Kabla ya saa nne mdogo wangu anayekaa na mzee Kenyamonta akanipigia.

"Mzee amefika. Amekuja na gari za kuunga unga. Amesema usimfuate. Mmemfanya nini?"

"Hakuna kitu. Ni utu uzima."

"Kaka, mzee hali."

"Nimekwambia ni utu uzima."

Siku kumi na moja. Nimezihesabu baadaye, wakati ule sikuwa nazihesabu. Nilikuwa karakanani nakunja mbao za mteja, na kila aliyenisalimia nilimweleza jinsi wazee wasivyotaka maendeleo. Mdogo wangu alikuwa anaosha kidonda kwa maji ya chumvi, kwa kadiri ya ujuzi wake. Nesi alikuja siku yake, akakuta ndoo tupu.

"Babu yuko wapi?"

"Amekwenda kuangalia ng'ombe wake kidogo."

"Kidogo siku ngapi? Kidonda kile hakisubiri, baba."

"Atarudi kesho."

Akaja tena, nikasema tena kesho. Mara ya tatu aliitazama ndoo, akapita bila kusimama.

Aliyenivunja ni mke wangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, yeye amesimama kwenye tao. Nikamwambia kaa. Akasema hapana.

"Kwa nini hukai siku hizi?"

"Siku hizi?" akasema. "Baba watoto, umewahi kuniona nimekaa hapo?"

Nikageuka nikalitazama kochi lote, mwisho mpaka mwisho.

"Wakija rafiki zako wananiona nikipika, nikipepeta, nikijikuna. Wakija wazee wa kwenu nazunguka nyumba kwa nje, napitisha chakula dirishani kama mwizi. Miaka miwili. Sikusema kwa sababu ulikuwa unakipenda. Sasa baba anaoza mguu kwa sababu ya mikono yangu hii. Watu wa kwenu watasema ni mimi niliyemfukuza."

"Hawatasema hivyo."

"Wameshasema. Mdogo wako kanipigia. Weka kona."

"Kiti hiki hakikatiki, mama. Ni kimoja. Kikikatwa kimekufa."

"Si ulikitengeneza wewe?"

Nilikikata kesho yake mchana. Nilijua kitakachotokea, kwa sababu mbao iliyokunjwa haisahau kwamba ilinyooka. Imebanwa tu. Nilichana kitambaa, nikatoa sponji, nikaingiza msumeno theluthi ya kwanza kutoka mlangoni. Ulipofika mwisho, kile kipande kikubwa kikaruka kwa kishindo, kikafunguka upana wa shibiri nzima, gundi ikalia tiii mpaka kule mwisho. Mpindo wangu ukaharibika wote. Ukikitazama leo utaona kimeachama, hakielekei popote. Halafu nikaendelea.

Kile kipande kidogo nikakipa mgongo ulionyooka na miguu yake. Nikasimamisha ukuta wa mbao za mninga karibu na mlango wa nje, kutoka sakafuni mpaka kupita kichwa cha mtu aliyesimama. Mkanda wa taa wa upande huo nikaukata, nikaning'iniza balbu moja yenye swichi yake, mzee aiwashe anapotaka. Mke wangu alikuwa fundi mkuu. Yeye hakukalia kile kiti, hawezi, kilishakuwa cha baba. Alinikalisha mimi, akaenda jikoni.

"Unaniona?"

"Nakuona mkono."

"Ongeza ubao."

Nikaongeza.

"Sasa?"

"Nakuona kanga."

"Ongeza mwingine."

Kwenye ubao wa tano nikasema simwoni. Akakohoa. Nikamsikia vizuri. "Basi," akasema.

Kesho yake nilikwenda Kenyamonta. Nilimkuta mzee amelala kwenye ngozi kando ya zizi, mguu umefungwa kitambaa cha kanga. Harufu niliikuta getini. Mguu ulikuwa umevimba mpaka goti na kidole kikubwa kilikuwa cheusi kama mkaa.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, tata. Nimekata kiti."

Hakuitikia salamu.

"Umekikata?"

"Ndiyo."

"Kwa nini? Kilikuwa kizuri."

Nilidhani sikusikia.

"Nilikuwa nakitazama dirishani, nikiwa kwenye ndoo," akasema. "Nilikuwa najiuliza mbao ile uliikunjaje bila kuvunjika. Nilitaka kukuuliza. Nikasema nitauliza mguu ukipona."

Miaka yangu yote nilingoja neno hilo. Nikalipokea nimeinamia mguu ule, siwezi hata kuvuta pumzi kwa harufu.

"Kuna ukuta?" akauliza.

"Kuna ukuta."

"Nibebe basi."

Nilimbeba. Hatukufika nyumbani. Nesi, nilipompigia simu na kumweleza rangi ya kile kidole, alisema niende moja kwa moja hospitali na nisisimame popote. Daktari alifungua, akafunika. Hakunigombeza. Aliniuliza tu mara ya mwisho kidonda kilioshwa na mtaalamu ni lini, nikamjibu, akaandika. Walimkata chini ya goti siku mbili baadaye. Karatasi niliisaini mimi, kwa herufi zangu zile kubwa kubwa.

Sasa anakaa kwangu. Anakaa nyuma ya ukuta wa mninga, kwenye kile kiti, magongo yameegemea kando. Mke wangu anaweka chakula kwenye stuli, anakohoa, anaondoka. Bado wanatupiana maneno ya chumvi kupitia kwangu. Wateja bado wanakuja, wakiona kochi langu limekatwa wanauliza ni mtindo gani huo, na nawaambia ni mtindo wa Kenyamonta. Wengine wanaamini.

Wiki iliyopita, mchana, nilikuwa namfunga kisiki bandeji. Siku hizi naifunga mimi, sioni tena giza, nesi alinifundisha. Mzee alikuwa anatazama mikono yangu inavyozungusha.

"Mura."

"Naam, tata."

"Zile siku nilizokuwa kule, ulikuwa unafanya nini huku?"

Mikono ikasimama. Ningeweza kusema kazi. Ningeweza kusema alikataza nisimfuate, na ni kweli alikataza.

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira ya nini?"

"Ya kiti."

"Ya kiti," akarudia, polepole, kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. Alingoja kama nina lingine la kuongeza.

"Funga," akasema. "Usikaze sana."